Usinisemeshe Mpaka Yachanue

Maneno yenyewe Sumaiya aliyasema siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, amesimama kwenye baraza ya nyuma huku maji ya samaki yakimchuruzika miguuni. Kama kuna anayeona yalikuwa maneno makubwa mno kwa ugomvi wa friza, huyo hajawahi kununua samaki kwa jasho lake.

Friza ilikuwa yake. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na vibua vya kukaanga mchana, Jules Street, pale Malvern, Johannesburg, na kila mwenye njaa kati ya fundi wa matairi na duka la simu alimjua. Mumewe, Seif, mlinzi wa usiku kule Randburg, aliiona friza ile kuwa mali ya maua. Alipanga humo makopo sita ya aiskrimu yaliyojaa maji, na kila asubuhi ya kipupwe akirudi kazini aliyatoa yakiwa barafu tupu, akayagonga kwenye ngazi, akaimwaga barafu juu ya kijibustani kilichokuwa chini ya dirisha la jikoni. Kisha aliyajaza maji mapya na kuyarudisha. Jumanne hiyo alikuwa ameyarudisha vibaya. Mfuniko haukufunga, na vibua vya siku tatu vililegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Maua hayo yaliitwa pioni. Seif aliyapata kwa bibi mmoja wa Kensington ambaye yeye Seif alikuwa akimtunzia bustani kabla hajapata kazi ya ulinzi. Bibi yule alipouza nyumba ahamie kwa mwanawe ng'ambo, alimpa mizizi mitatu imefungwa kwenye gazeti, akamwambia kwamba kwake ilikaa miaka kumi na moja isitoe hata ua moja, labda kwa Seif itaona haya. Akampa na masharti. Mizizi isizikwe chini sana: yale macho mekundu yaliyo juu yake yafunikwe kwa udongo wa vidole viwili tu, yakizama zaidi mmea hutoa majani na kukataa kuchanua. Isihamishwe. Na ipate baridi, baridi kwelikweli, kwa sababu hili ni ua ambalo lisipogandishwa kipupwe halikumbuki kazi yake. Baridi ya Johannesburg inauma lakini haidumu, ikifika saa nne jua limeshaifukuza. Ndiyo maana ya yale makopo.

Sasa mtazame mtu wa Tanga, aliyezaliwa na kukulia kwenye joto la kutokwa jasho hata ukiwa umekaa, anagandisha udongo kwa mikono yake miaka mitatu. Miaka mitatu yalitoka majani mazuri, mwezi wa kumi vikaja vitumba vidogo kama njegere, vikanyauka. Majirani walicheka. Sumaiya naye mwanzoni alicheka, kisha akaacha, maana walikuwa na miaka saba ya ndoa na hawakujaliwa mtoto, na ilimuuma kumwona mwanamume mzima amepiga magoti kila asubuhi anaubembeleza udongo.

Basi Jumanne hiyo, mwezi wa sita mwaka 2018, Sumaiya alikuwa amerudi mapema kuchukua samaki wa nyongeza, na Seif alipokuwa akifunga vifungo vya sare yake alimwambia.

"Hayo maua ndiyo mkeo. Usinisemeshe tena mpaka yachanue."

Seif alimtazama. Aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea maagizo ya kazi, akachukua mfuko wake, akatoka. Hakuaga, na angeagaje, ameshakatazwa kusema.

Ndoa ya mlinzi wa usiku na mama mwenye jiko la asubuhi ni ndoa ya kupishana. Sumaiya aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, Seif alirudi saa moja asubuhi. Sumaiya alirudi magharibi, Seif alikuwa ameshaondoka. Wenzake wawili walikuwa wameacha kazi mwezi ule, kwa hiyo hata siku ya mapumziko hakuwa nayo. Watu wa namna hiyo wakinuniana, nyumba yaweza kukaa wiki mbili bila neno na pasiwe na wa kushangaa.

Jumatano jioni alikuta chakula alichomwachia hakijaguswa. Amesusa, akajisemea. Seif akikasirika silaha yake ilikuwa sahani, na hilo Sumaiya alilijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alhamisi ikawa vilevile. Kitandani hapakuwa pamelaliwa, akajua analala kochini. Lakini makopo sita yalikuwa yamejazwa maji mapya, kijibustani kimelowa, na vipande vya barafu bado vimelala kivulini. Kwa maua nguvu anazo, kwa wali wangu hana, alisema kwa sauti, peke yake, akimwaga kiporo. Jumapili, siku pekee ambayo wangeonana, alijifunga ushungi mapema akaenda kushinda Kensington kwa wifi yake Zabibu, dada mkubwa wa Seif. Alifanya makusudi, ili Seif akirudi akute nyumba tupu aonje utamu wake. Jumatatu alimpigia simu mara moja. Ilikuwa imezimwa. Hakurudia tena. Kila jioni aliyatazama yale makopo, na ukweli usemwe, yalimtuliza. Mume anayerudi kumwagia maua yake ni mume anayerudi.

Ijumaa ya wiki ya pili alikuja Othmani pale kwenye jiko lake Jules Street. Othmani alikuwa mlinzi mwenzake Seif, kijana wa Dar, mcheshi, mtu wa kuagiza vibua vitatu na kulipia viwili. Siku hiyo hakuagiza kitu. Alimwambia Sumaiya akae, naye akakaa juu ya kreti.

"Shemeji, Seif amegongwa na gari. Alikuwa anavuka pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, ametoka kazini. Hata teksi hakuifikia."

"Leo?"

"Jumatano, shemeji."

"Juzi?"

"Eish. Si hii. Ile ya wiki iliyopita."

Aliokotwa bila kitambulisho, simu imesagika, akalazwa kwenye chumba cha maiti kama mtu asiye na jina. Kazini walidhani ametoroka. Ni Othmani aliyechoka kumtafuta kwa simu akaenda kumtafuta kwa macho, droo baada ya droo. Sumaiya aliyasikia yote. Jibu lake lilikuwa moja tu, na alilitoa kwa utulivu kama mtu anayesahihisha hesabu ya chenji: jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa jana makopo yalikuwa yamejazwa.

Seif alizikwa Jumamosi. Nyumba ikajaa watu wa Tanga na Unguja, khitma ikasomwa, mabusati yakatandikwa mpaka uani. Mwalimu Salum, aliyekuwa akisomesha watoto madrasa na kuwasalisha watu wa mtaa, alimkalisha Sumaiya eda, yaani miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila manukato wala pambo wala kutoka pasipo dharura. Akamweleza kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu habari ilipofika, kwa hiyo siku tisa zilikuwa zimeshapita.

"Mwalimu, siku hizo tisa nilikuwa mke wa mtu," Sumaiya alisema. "Nilimpikia."

Mwalimu alisema anaelewa, lakini hesabu ndiyo hiyo. Sumaiya hakubishana naye. Kimoyomoyo aliamua kuhesabu ya kwake.

Siku ya tatu ya msiba alikuja kuhani Jeanne, jirani wa ukuta mmoja, msusi, Mkongo wa Lubumbashi na mtu wa kanisa. Alikaa kwa adabu, akalia kidogo, akanywa chai. Alipokuwa akiaga alimsogeza Sumaiya pembeni, kwenye mlango wa jikoni, na alionekana mtu mwenye kitu kinachomkaba.

"Maman Sumaiya, unisamehe. Mi namuonaka bwana yako kila asubuhi pale pa maua. Hata Alhamisi hii nilimuona, amepiga magoti, anatia barafu. Nilimusalimia. Hakunijibu."

Alhamisi hiyo Seif alikuwa na siku nane amelala kwenye droo. Na kwamba hakujibu, Sumaiya peke yake ndiye aliyejua kwa nini.

Hapo akaelewa, na tangu hapo hakuelewa kingine. Alimkataza mume kusema mpaka maua yachanue. Mume amekufa na katazo hilo shingoni, hakuombwa radhi wala hakuiomba, na bado anafanya bidii kama alivyoambiwa. Siku maua yatakapochanua, atasema. Sumaiya aliitaka siku hiyo kwa roho yake yote, maana mjane asiye na radhi ya mumewe hulala na jiwe kifuani. Na aliiogopa kwa roho hiyohiyo, maana hakujua mtu aliyekaa siku tisa kwenye baridi ile huku mkewe amenuna atakuwa na nini cha kumwambia.

Watu walitawanyika. Zabibu alihamia pale kumkalia wifi yake, na kwa kuwa jiko halikupaswa kufa, ndiye aliyekwenda Jules Street kila alfajiri badala yake. Zabibu alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kuuzia samaki hata kabla hajawahi kuuza samaki. Hakuogopa kitu. Usiku alikoroma kwa amani, na saa kumi na moja na nusu alikuwa ameshatoka na ndoo zake.

Kwa hiyo saa moja asubuhi Sumaiya alikuwa peke yake ndani. Haikuwa saa ya kutisha. Jua lilikuwa limetoka, watoto wa shule walikuwa wakipita barabarani wakizungumza Kizulu, redio ya Jeanne ilikuwa ikiimba mapambio. Na katikati ya hayo yote, mfuniko wa friza barazani ulilia kwa ile bawaba yake mbovu. Kopo likagongwa kwenye ngazi. Barafu ikamwagika. Likagongwa la pili. Sumaiya alikaa juu ya mswala, mgongo ukutani, akahesabu mpaka sita, kisha akasikia bomba likifunguliwa na maji yakijaza kopo, polepole, kwa subira ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Ilimchukua wiki nzima kupata moyo wa kwenda dirishani. Alipochungulia hakuona mtu. Aliona barafu mbichi juu ya udongo ikitoa mvuke juani, na mbele yake vishimo viwili vya magoti. Alisimama akaviangalia mpaka miguu ikamuuma, na kilichomjaa zaidi ya hofu kilikuwa wivu. Jeanne, mtu baki, amemwona. Yeye mkewe hapewi hata kivuli.

Zabibu, kwa upande wake, alikuwa akirudi jioni anakuta udongo umelowa, akadhani wifi yake amerukwa na akili. Siku moja alimweleza wazi kwamba mwenye eda hatakiwi kutoka nje kuchezea barafu, na kwamba kumlilia mtu si kumwigiza. Sumaiya alimwambia alidhani ni yeye, Zabibu, anayefanya hivyo kabla ya kwenda kazini, kwa mapenzi ya ndugu. Hilo lilikuwa uongo, lakini alitaka kuona uso wake. Uso wa Zabibu ulibadilika. Alitoa makopo yote sita, akayatupa kwenye pipa la barabarani, akaichomoa friza kwenye umeme na samaki akawahamishia kwa Jeanne.

Asubuhi iliyofuata bawaba haikulia. Lakini kijibustani kilikuwa kimefunikwa barafu nyeupe, nyembamba, kama chumvi iliyomwagwa, na nyasi za pembeni zilikuwa kavu.

"Kesho siendi kazini," Zabibu alisema.

Kesho yake alijifunga kanga kiunoni, akachukua tasbihi, akaenda kusimama barazani saa moja kasoro. Sumaiya alibaki jikoni akipika chai. Hakusikia sauti yoyote. Baada ya kitambo Zabibu alirudi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapokea kikombe, na chai ya moto ikamwagikia mapajani, asishtuke. Sumaiya alimngoja. Alitamani kumtikisa.

"Amekonda," Zabibu alisema mwishowe.

Zaidi ya hapo hakusema, si siku hiyo wala siku nyingine. Aliichomeka friza, akanunua makopo mapya, akayapanga. Mwanamke asiyeogopa kitu alianza kulala na taa.

Mwezi wa nane baridi ililegea, na barafu ikakoma. Udongo ukapasuka, yakachomoza machipukizi mekundu, manene, yakiwa yamekusanyika pamoja kama vidole vya mkono unaotaka kutoka chini ya blanketi. Zabibu alipita pale akigeuza uso. Saa moja asubuhi sasa Sumaiya alikuwa akisikia bomba tu, na kukwaruzwa kwa udongo, magugu yakiondolewa moja moja. Alianza kuzungumza na dirisha. Alimwambia habari za jiko, bei ya mafuta, kwamba Othmani amepata kazi ya mchana. Jibu hakutegemea. Alimwomba radhi pia, kila siku, lakini radhi ya kuombea dirishani haikumtosha. Alitaka kuisikia ikirudi.

Katikati ya mwezi wa kumi kilitokea kitumba kimoja. Hakikunyauka. Kilifika ukubwa wa njegere, kikapita, kikafika ukubwa wa ndimu, kimebana, kinang'aa utomvu, sisimizi wakikizunguka juu chini. Kijiti kilikuwa kimechomekwa kando yake na bua limefungwa kwa uzi wa bluu. Sumaiya hakuwa na uzi wa bluu ndani ya nyumba. Sare ya Seif ndiyo iliyokuwa ya bluu, na alizikwa kwa sanda, na sare yenyewe haikurudishwa na mtu.

Jioni hiyo alimkuta Zabibu barazani ameshika birika linalofuka mvuke, anateremka ngazi kuelekea kwenye maua. Alimwahi. Alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo wote wawili iliwashangaza.

"Wifi, niache," Zabibu alisema. "Huyu ni mdogo wangu. Nimembeba mgongoni. Namtaka alale."

"Hatalala mpaka aseme."

"Na akisema? Umejiandaa kusikia?"

Sumaiya hakuuachia mkono ule. Walisimama hivyo, birika katikati yao, mpaka maji yakapoa. Kisha Zabibu aliyamwaga kwenye mfereji, akaingia ndani, akajifunika gubigubi.

Ijumaa ya tarehe ishirini na sita eda ilikwisha kwa hesabu ya Mwalimu Salum. Zabibu alikuwa ametayarisha kila kitu: maji ya moto, sabuni mpya, udi, gauni la rangi ya samli alilolishona fundi wa Jules Street. Mjane huoshwa, hufukizwa, hutolewa nje akaonekana tena na watu. Wanawake wanne walikuwa wameshaalikwa. Sumaiya alikaa juu ya mswala wake na kanga yake ileile, akasema bado siku tisa.

Walimbembeleza, kisha wakamkemea. Zabibu, ambaye miezi minne hakuwa amelalamika hata mara moja, alilalamika yote siku hiyo. Alimwambia anamng'ang'ania maiti. Alimwambia siku tisa hizo si za eda, ni za kiburi, na ni kiburi hichohicho kilichomfanya asipige simu mara ya pili. Neno hilo halikuwa la kusemwa. Zabibu mwenyewe alijua. Alikusanya nguo zake akilia, akarudi Kensington.

Sumaiya hakumkasirikia. Ilikuwa kweli tupu. Alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, na siku zile tisa akazikaa kama alivyopaswa kuzikaa zile za mwanzo, yaani akijua mume amekufa. Alipika kidogo, akala, hakumwekea mtu sahani. Barabarani miti yenye maua ya rangi ya zambarau ilikuwa imechanua na kupukutisha mpaka lami haionekani, na jioni mvua za radi zilipiga mabati. Kila mvua ilipopiga alikimbilia dirishani kuangalia kama kitumba kimevunjika. Hakikuvunjika. Kila asubuhi kilikuwa kimeachia kidogo, kinaonyesha weupe.

Asubuhi ya siku ya sita bomba halikulia.

Saa moja ilipita, na robo, na nusu. Redio ya Jeanne haikuimba. Sumaiya alikwenda dirishani, na ua lilikuwa limechanua. Lilikuwa jeupe, zito, kubwa kuliko kiganja, tabaka juu ya tabaka kama kabichi iliyofunguliwa, na lilikuwa limeinama kidogo upande wa mlango wa jikoni. Hakukuwa na sisimizi hata mmoja. Sumaiya alilitazama na akaona lilikuwa zuri kweli, na kwamba mumewe hakuwa mjinga, akashika ukingo wa sinki.

Hatua zilitoka kwenye kijibustani. Zilipanda ngazi, moja, ya pili, ya tatu, na zikasimama mlangoni.

"Hodi," ilisema sauti ya Seif.

Ilikuwa yake hasa, ile ya chini, yenye mikwaruzo ya mtu aliyekesha. Mkono wa Sumaiya ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Kinywa cha Mswahili kikisikia hodi huitika kabla akili haijaamka, na neno la kuitikia lilikuwa tayari ulimini, limejaa, linasukuma meno. Kilichomzuia ni jambo dogo. Katika miaka saba Seif hakuwahi kupiga hodi kwenye mlango huu. Aliingia akikohoa, akiangusha viatu, akiuliza kuna chai. Mwanamume habishi hodi nyumbani kwake. Abishaye hodi ni mgeni, na mgeni ukishamkaribisha amekaribia, na huyu hakuna aliyejua angeondoka lini, wala angeondoka na nani.

Sumaiya alijisokomeza upindo wa kanga kinywani, akauuma.

"Hodi."

Ya pili ilitokea chini zaidi, karibu na kitasa, kama ya mtu aliyepiga magoti. Machozi yalimtoka. Aliitoa ile kanga kidogo tu, kiasi cha kupitisha maneno aliyokuwa ameyabeba tangu kipupwe.

"Seif, niwie radhi. Nilidhani umesusa."

Kisha upande wa pili wa mbao, taratibu, bila kinyongo chochote, sauti ikamjibu.

"Nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja nyumbani, mama."

Hakumlaumu. Angemlaumu, angempunguzia. Sumaiya aliegemeza paji la uso mlangoni, na mbao zilikuwa za baridi mno kwa asubuhi ya mwezi wa kumi na moja. Alimwambia anajua. Alimwambia amemtolea radhi zote, za dunia na za akhera, kwa kila alichojua na asichojua. Kisha aliirudisha kanga kinywani, yote iliyoingia, kwa sababu tangu utoto alifundishwa kwamba hodi ni tatu, na asiyeitikiwa ya tatu huondoka zake.

"Hodi."

Viganja vyake viwili vilikuwa mlangoni, na alihisi kwamba upande wa pili, mahali palepale, palikuwa na viganja viwili. Alitaka kumfungulia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko hata mtoto. Alimpenda. Aliuma kitambaa mpaka taya zikamtetemeka, na hakuitika.

Baridi ilitoka polepole kwenye mbao. Hatua zilishuka ngazi. Hazikurudi kwenye maua, zilizunguka kando ya nyumba, zikaelekea upande wa geti, na geti halikulia. Baadaye redio ya Jeanne ilianza kuimba.

Sumaiya hakuondoka pale. Alingoja mpaka jua likapita chini ya mlango likamfikia kwenye vidole vya miguu, ndipo akaivuta kanga ikatoka, imelowa, na neno lililokuwa limekaa ulimini muda wote likatoka nyuma yake lenyewe.

"Karibu," aliuambia mlango, na hakuna aliyeingia.